Batani isiyotambulika kwenye kibodi: mfumo unyamaze, uandike, uulize au upitishe tu?

Binti mmoja anayesoma chuo huku Malimbe, hapa Mwanza, aliniletea laptopu yake ya mtumba kwenye kibanda changu karibu na Mlango Mmoja, akaniambia kaka, batani mbili za kuongeza na kupunguza mwanga zimekufa, fundi wa kwanza kasema kibodi nzima inabadilishwa elfu sitini na mimi nimeshatanguliza ishirini. Nikabonyeza, kweli kimya. Ila mashine ilikuwa imepigwa Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) siku chache nyuma, kwahiyo nikafungua logi ya kerneli, yaani daftari ambalo kiini cha mfumo kinaandika yanayotokea, nikabonyeza tena, na hapo hapo ukashuka mstari unaosema kuna batani isiyojulikana imebonyezwa, namba yake hii. Kibodi nzima kabisa! Mfumo ulikuwa unaisikia batani, shida haujui inaitwaje.

Tangu siku hiyo hili jambo halijanitoka kichwani, kwasababu batani iliyokufa na batani isiyojulikana ukiziangalia kwa macho zinafanana kama dagaa wawili, na tofauti yake kwa yule binti ilikuwa ni hela ya kula ya wiki kadhaa. Sasa watu wananiuliza mfumo gani unafaa, wengine wanataka kupanga mashine za ofisi, wengine wanajifunza kutengeneza programu, na wote wanakwama kwenye swali moja, mfumo ukikutana na batani usiyoijua ufanye nini. Njia ziko nne na nimeishi nazo zote.

Kwanza tuelewane inavyokuwa. Kibodi haitumi herufi, ukibonyeza A inatuma namba tu, afu mfumo unaenda kwenye jedwali lake kuangalia namba hii ni nani. Ikiwemo, herufi inatokea. Isipokuwemo hapo ndo mfumo unatakiwa uamue, na kila mfumo umeamua kivyake. Na namba zisizomo haziishi maana batani zenyewe hazijawahi kutulia, kibodi ya IBM PC ya 1981 ilikuwa na batani 83, batani ya Windows ikaja 1994, na Januari 2024 Microsoft wakatangaza batani ya Copilot, msaidizi wao wa akili mnemba. Ongeza na mzigo wa mtumba unaoshuka hapa mjini, unakuta laptopu ya Kijapani ina batani za ziada pembeni ya spesi za kubadilisha aina ya maandishi, ya Kikorea ina yake ya Hangul, maandishi yao. Hizo siku hizi nyingi zinajulikana, kazi iko kwenye zile za juu, mwanga, maiki, feni, hali ya ndege, kule kila kampuni inajitungia namba yake.

Ntakavyozipima

Vitu vinne. Je, aliyebonyeza anajua kilichotokea? Je, kazi inasumbuliwa? Je, batani inatibika, na mtu wa kawaida anaweza kuitibu? Je, kuna hatari gani? Mwisho wa kila njia nasema inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kunyamaza

Namba haimo, mfumo unaitupa, maisha yanaendelea. Windows kwa sehemu kubwa iko hivi, batani isiyo na jina inaishia kwenye namba 255 ambayo kwao maana yake ni hakuna kitu, na programu nyingi zinaipita kama hazijaiona.

Kujua: hajui. Hapa hakuna cha kutetea. Mtu anabonyeza, kimya, anabonyeza kwa nguvu zaidi, afu anaenda kwa fundi, na fundi mwenye haraka anasema kibodi.

Usumbufu: hakuna, na hii sio sifa ndogo. Nina mama mmoja anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni Kirumba, anaandika mahesabu yake kwenye laptopu ya Kijapani, na kidole gumba chake kinaigonga ile batani ya pembeni ya spesi siku nzima. Yeye mwenyewe hajui kama anaigonga. Mfumo ungekuwa unatoa neno kila mara angeshairudisha mashine zamani, sasa hivi anaandika kilo zake na magunia yake bila shida na hiyo batani kwake ni kama haipo, na mimi naona ni sawa kabisa.

Tiba: ipo ila imejificha. Tangu Windows 2000 kuna sehemu kwenye rejista (ghala la mipangilio ya Windows) inaitwa Scancode Map, unaandika kwamba namba hii ihesabiwe kuwa ile, unazima na kuwasha, imekubali. Kwa asiyetaka kugusa rejista kuna PowerToys, programu ya Microsoft wenyewe, na kipengele chake cha Keyboard Manager. Lakini ona mtego wenyewe, ili uandike namba ni lazima uijue, na mfumo ulionyamaza haujakuambia namba.

Hatari: kwa mashine ni ndogo sana, batani iliyotupwa haiwezi kufuta faili wala kutuma kitu popote. Inayoumia ni pochi ya mwenye mashine.

Inamfaa: mashine inayoguswa na watu wengi wasioimiliki. Intaneti kafe, mapokezi, maabara ya shule, kaunta.

Njia ya pili: kuandika kwenye logi

Hii ndo iliyomwokoa yule binti. Kwenye Linux, draiva ya kibodi ya ndani ya laptopu (programu inayoongea na kibodi, inaitwa atkbd) ikipata namba isiyoijua inaandika mistari miwili kwenye logi ya kerneli. Wa kwanza unataja namba. Wa pili, na huu ndo naupenda, unakupa amri ya kuitibu kabisa, setkeycodes, na namba imeshajazwa tayari, wewe unabakiza kuchagua tu iwe batani gani. Aliyeandika hiyo draiva alimfikiria mtu atakayekuja kuisoma saa tano usiku akiwa amechoka, na mimi huwa namshukuru kila nikiiona.

Kujua: anajua anayejua pa kuangalia. Yule binti hakujua kuna amri ya kusoma hiyo logi inaitwa dmesg, na kwenye Linux nyingi za siku hizi kuisoma tu inataka sudo, ruhusa ya msimamizi, kwahiyo kwake ilikuwa sawasawa na kunyamaza. Taarifa ilikuwepo kwenye mashine yake mwenyewe siku zote alizokuwa anahangaika nayo, imeandikwa vizuri, ila imewekwa sebule asiyoijua.

Usumbufu: mdogo. Kuna laptopu ambazo firimwea yake (programu iliyojengwa ndani ya mashine) inatuma namba hata kama hakuna aliyebonyeza, mfano chaja ikichomolewa au mfuniko ukifungwa, na kwa umeme wa kukatika na kurudi unafungua logi unakuta mistari imejipanga. Haimuumizi mtu, ila inamficha fundi mstari anaoutafuta.

Tiba: nzuri kuliko zote kwa fundi. Ukitumia setkeycodes inakubali hapo hapo lakini ukizima mashine inapotea, kwahiyo ya kudumu ni kuandika faili dogo la namba na majina ya batani kwenye /etc/udev/hwdb.d, unaendesha systemd-hwdb update afu udevadm trigger, basi. Yule binti nilimwandikia mistari miwili kwenye faili hilo, mwanga kupungua na mwanga kuongezeka, ambazo ndani ya kerneli ni namba 224 na 225. Na uzuri mwingine, mtu akiitibu batani na kuituma kwa wanaotunza orodha, wote wenye laptopu ya aina hiyo duniani wanaikuta imetibiwa. Laptopu nyingi nilizopiga Linux batani zake zinafanya kazi tangu mara ya kwanza kwasababu kuna mtu mahali alikaa akabonyeza moja moja akaandika. Angalizo moja tu, setkeycodes haiwafai wenye kibodi za USB, zile zina namba zake za kawaida na njia yake nyingine, ila lile faili dogo la hwdb linazigusa zote.

Udhaifu wake ni kwamba kuandika peke yake hakutibu, kunasubiri mtu. Angalia batani ya Copilot. Microsoft hawakuitafutia namba mpya, wakaamua ikibonyezwa itume Windows, shifti na F23 kwa pamoja, na F23 ni batani ya enzi za kibodi kubwa za terminali za IBM (skrini na kibodi za kuunganishwa na kompyuta kubwa) zilizokuwa na F1 mpaka F24. Sasa jedwali la atkbd halikuwa na F23, kwahiyo hata kama sehemu nyingine za Linux ziko tayari kuipokea, batani ilikuwa inakwama mlangoni mpaka kerneli iliporekebishwa mwaka 2025. Rekebisho lenyewe ni dogo, namba moja kwenye jedwali!

Hatari: ndogo. Inaandikwa namba ya batani isiyojulikana peke yake, sio unachoandika, kwahiyo nywila yako haiishii kwenye logi.

Inamfaa: fundi, mwanafunzi wa kompyuta, msimamizi wa mashine za ofisi, yeyote mwenye mtu wa kumsomea logi.

Njia ya tatu: kumuuliza mtumiaji

Batani ngeni ikibonyezwa kidirisha kinafunguka, batani hii siijui, unataka iwe nani? Mfano wa karibu ni Mac, ukichomeka kibodi ya nje ambayo haijawahi kuiona inakuambia bonyeza batani iliyo kulia kwa shifti ya kushoto, na kwa jibu lako inajua kibodi ni ya mpangilio wa Marekani, wa Ulaya au wa Japani. Ila angalia, inauliza kibodi nzima mara moja. Haiulizi kila batani kila siku.

Kujua: hapa hakuna njia nyingine inayoifikia hii. Hata kama mtu hajui cha kujibu, ameshajua jambo kubwa kuliko yote, kwamba batani yake ni nzima. Yule binti angeona neno moja tu kwenye skrini asingetoa ile ishirini. Ila swali liwe kwa lugha ya mtu. Nimeona watu wazima na akili zao, wanaendesha biashara kubwa, wanafunga kila kidirisha cha Kiingereza kwa kubonyeza X kabla hawajasoma hata neno la kwanza, na siwalaumu.

Usumbufu: mkubwa. Fikiria keshia kwenye duka la Igoma jioni, foleni imefika nje. Skana za bakodi nyingi zinajitambulisha kwa kompyuta kama kibodi, na zinaweza kusetiwa zitangulize au zifuatishe batani fulani kwa kila bidhaa. Ikitokea moja haijulikani, kidirisha kinafunguka kwa kila sabuni na kila pakiti ya chumvi. Kibaya zaidi ni kwamba kidirisha kinapora maandishi, mtu yuko kasi anaandika, kinatokea, Enta yake iliyokuwa ya mahesabu inakuwa jibu la swali ambalo hajalisoma, na kuanzia hapo batani imeshapewa kazi ambayo hakuna aliyeichagua.

Tiba: rahisi kuliko zote kwa mtu wa kawaida, endapo imetengenezwa vizuri. Unachagua "ongeza mwanga", mfumo unakumbuka, imeisha. Hakuna logi, hakuna namba.

Hatari: hapa ndo watu wengi hawafikirii. Kifaa cha USB kinachojifanya kibodi kinaweza kutuma namba ngeni, kidirisha kifunguke, afu kijijibie chenyewe kwa kutuma Enta. Na kwenye ukurasa wa kuingia, kabla ya nywila, nani ana ruhusa ya kujibu? Mfumo unaouliza ni lazima usiulize pale skrini ikiwa imefungwa.

Inamfaa: mtu mwenye mashine yake mwenyewe, anayeitumia peke yake, asiye na fundi karibu. Mwalimu yuko Ukerewe huko, kuvuka mpaka mjini kwa ajili ya batani moja ni nauli na siku nzima imeondoka. Huyo kidirisha kimoja kinamtosha.

Njia ya nne: kupitisha namba kama ilivyo

Mfumo unasema mimi siijui ila huenda programu inaijua, unaipeleka namba mbichi. Android inafanya hivyo, batani isiyo na jina inafika kwenye programu kama isiyojulikana, namba 0, lakini namba halisi ya kifaa inaambatana nayo. Linux nayo chini kabisa inatuma namba mbichi pembeni ya jina, na batani isiyojulikana ina nafasi yake rasmi, 240.

Kujua: inategemea programu. Moja itaonyesha, nyingine itanyamaza, na nyingine itamwaga takataka. Umewahi kubonyeza zile batani za F kwenye dirisha jeusi la terminali ukaona kiwimbi ~ kinatokea bila kukiita? Ni hiyo hiyo, alama za batani zimepita na aliyezipokea hakuzielewa zote.

Usumbufu: wa hapa na pale, kwa sababu hiyo hiyo.

Tiba: pana kuliko zote kwa anayeandika programu, na finyu kuliko zote kwa asiyeandika. Na kupitisha kuna mipaka yake njiani. Mfumo wa madirisha wa X, ule unaochora madirisha kwenye skrini ya Linux, unabeba namba mwisho 255, na juu ya kila namba ya kerneli unaongeza 8, kwahiyo inayozidi 247 haifiki. Batani ya kuzima maiki ilipopewa namba kwenye kerneli ikapewa 248. Imezidi moja tu! Watu wakalazimika kuiazimia jina la F20 ili ipite, na ukifungua faili la batani la Linux bado unakuta maiki zimevaa hilo jina. Mimi hiki kisa huwa nawaambia vijana wanaojifunza kwangu, kwasababu unaweza ukalaumu kibodi, ukalaumu draiva, ukalaumu programu, kumbe barabara ya katikati ndo nyembamba.

Hatari: kuna laptopu batani zake maalum zinatuma taarifa ya kubonyezwa lakini hazitumi ya kuachiwa, kwahiyo ukiipitisha hivyo hivyo programu inaamini kidole bado kimeshikilia na inarudia rudia. Linux imetengewa kabisa orodha ya laptopu za namna hiyo, kerneli inaziachia yenyewe. Mfumo unaopitisha tu bila kuangalia hilo utamtesa mtu.

Inamfaa: mtengeneza programu, mcheza gemu, fundi mitambo wa studio mwenye kile kibodi kidogo cha pembeni cha njia za mkato, mtu anayeandika kwenye simu kwa kibodi ya Bluetooth.

Kwa hali yako

Hizi njia zinaweza kukaa pamoja, na mifumo mingi inachanganya. Mimi sina ya kuipa kombe, ila kuna kitu kimoja siwezi kukubaliana nacho, batani kupotea bila kuacha alama yoyote mahali popote. Nyamaza mbele ya mtu ukitaka, lakini nyuma andika, na kwenye mipangilio weka sehemu moja ya "bonyeza batani tuione", iseme hii naisikia au hii siisikii. Hilo sio jambo kubwa kulitengeneza.

Una kafe, maabara au mapokezi: ya kwanza mbele, ya pili nyuma, na usiruhusu ya tatu kabisa.

Una duka na skana: ya kwanza. Kama mfumo wako una tabia ya kuuliza, zima hiyo sehemu kabla hujafungua duka, sio foleni ikishafika.

Unamnunulia mzazi laptopu ya kwanza, au mtu yuko mbali na mjini: ya tatu, mradi inauliza mara moja na kukumbuka. Bora zaidi, kaa naye kabla hajaondoka, bonyezeni batani zote za juu moja moja, zisizojibu zitibiwe hapo hapo.

Unaandika programu: pokea ya nne, ila namba usiyoijua usiifanyie kitu. Iandike, iache.

Wewe ni fundi: ya pili, na iwe kabla ya kutaja bei. Weka Linux kwenye fleshi moja, iwe mfukoni siku zote, hata mashine ya Windows unaiwashia hapo bila kugusa diski ya mteja.

Na kama wewe ndo mteja na umeshaambiwa kibodi imekufa, mwombe fundi awashe kwa hiyo fleshi, afungue evtest, programu ndogo inayoonyesha namba ya kila batani inayobonyezwa, achague kibodi, afu ubonyeze wewe mwenyewe kwa mkono wako. Namba ikitokea, hata kama inasema haijulikani, batani ni nzima na hakuna sababu ya kununua kibodi. Isipotokea usikate tamaa hapo hapo, maana batani nyingine za kampuni hazipiti njia ya kibodi, zinapita njia ya ACPI, ambayo firimwea inaitumia kuongea na mfumo, kwahiyo kwenye ile orodha ya evtest jaribu na vifaa vingine vilivyoandikwa jina la kampuni au video. Kote kukiwa kimya, na herufi za jirani yake nazo zimegoma, hapo sasa ni kibodi au utepe wake, na elfu sitini inaanza kuwa na maana.